Kadi za Manila na Msamiati wa Mwili

Mtihani wa Biolojia ukikaribia, wanafunzi wengi hufungua daftari na kusoma ukurasa uleule mara ya tatu, ya nne, mpaka kongosho, bandama na kapilari yawe maneno ya kawaida machoni. Hapo ndipo wanapojidanganya, maana neno linaweza kuzoeleka bila kukumbukwa. Mchezo wa kuoanisha kadi, jina huku na maelezo kule, unalishinda daftari kwa sababu moja: unaweza kumlazimisha mwanafunzi atafute jibu kichwani kabla ya kulipata mezani.

Ushahidi mzito wa jambo hili umetokana na lugha yetu wenyewe. Mwaka 2008 Jeffrey Karpicke na Henry Roediger walichapisha katika jarida la Science jaribio la wanafunzi wa chuo kikuu nchini Marekani waliojifunza jozi 40 za maneno ya Kiswahili na Kiingereza. Walioendelea kuulizwa hata maneno waliyokwisha kuyapata walikumbuka takriban asilimia 80 baada ya wiki moja. Wale ambao neno likishapatikana waliendelea kulisoma tu, bila kuulizwa tena, walibaki na kama theluthi. Na walipotakiwa kukisia watakumbuka mangapi, makundi yote yalikisia karibu sawa! Mwanafunzi mwenyewe, basi, si shahidi mzuri wa kile anachokijua.

Wapo walimu wanaopinga kwamba kuoanisha ni kutambua jibu lililokwisha kuwekwa mezani, na kukumbuka ni kazi nyingine. Wana haki. Ukiweka majina manane na maelezo manane, jozi ya mwisho hujipata yenyewe. Dawa ni kuongeza maelezo yawe kumi na mawili, tena ya viungo vinavyokaribiana: ini linalotengeneza nyongo liwe jirani na kifuko kinachoitunza, na kongosho linalotoa insulini liwe papo hapo. Mchezaji alitamke jibu kwanza, maelezo yakiwa bado yamefunikwa. Kadi nazo ziandikwe kwa uangalifu. Inayosema ateri hubeba damu yenye oksijeni nyingi inafundisha kosa, kwa kuwa ateri ya mapafu haiibebi. Sahihi ni kwamba ateri hutoa damu moyoni na vena huirudisha.

Pingamizi la pili ni zito zaidi: kujua majina si kuelewa mwili. Ni kweli, lakini asiyetofautisha atria na ventrikali hawezi kufuata maelezo ya mzunguko wa damu hata mwalimu akieleza vizuri namna gani. Jozi zikishapatikana, kadi zilezile zipangwe kwa safari ya damu: vena kava, atria ya kulia, ventrikali ya kulia, ateri ya mapafu, mapafu, vena ya mapafu, atria ya kushoto, ventrikali ya kushoto, aota. Kila kadi inapowekwa, anayeiweka aeleze kwa nini imefuata pale.