Usiponde Kila Kidonge

Ndugu msomaji, baadhi yetu huponda vidonge na kuvikoroga kwenye uji wa mzee asiyeweza kumeza. Nia ni njema. Lakini kwa vidonge vingine jambo hilo ni hatari.

Fanya jaribio hili nyumbani. Tia chumvi kidogo katika kikombe cha maji, koroga, kisha onja. Maji yote yamekolea mara moja. Sasa chukua tonge la bada. Likande na chumvi kiasi kile kile. Litumbukize katika kikombe kingine cha maji, usikoroge. Onja maji sasa, kisha onja tena baada ya nusu saa. Utaona kwamba chumvi inatoka polepole.

Kwa nini? Muhogo una wanga mwingi. Wanga ukipikwa hunywa maji, huvimba na kunata. Chumvi iliyomo ndani haipati njia ya kutoka haraka.

Vidonge vingine hufanya kazi hivyo hivyo. Vikifika tumboni hunywa maji na kuwa utelezi mzito. Dawa hutoka kidogo kidogo kwa saa nyingi. Kwa hiyo mgonjwa humeza kimoja au viwili tu kwa siku. Mara nyingi utelezi huo hutokana na miti au pamba. Wataalamu wanajaribu pia wanga wa mimea, hata wa muhogo kama huu tunaoulima Handeni, Muheza na Pangani.

Ukilivuruga tonge lile majini, chumvi yote hutoka. Kidonge nacho ni vivyo hivyo. Ukikiponda, dawa ya kutwa nzima huingia mwilini kwa mara moja. Mfano ni nifedipini, dawa ya presha. Ile ya kutoka polepole ikipondwa, presha huweza kushuka ghafla. Mgonjwa huona kizunguzungu, huanguka, na anaweza kufa.

Basi ufanye nini?

1. Soma pakiti. Herufi SR, XR au MR, au neno Retard, ni alama ya dawa hizo. Lakini nyingine hazina alama.

2. Usiponde, usitafune wala usikate kidonge kabla ya kuuliza, iwe zahanati ya kijiji au hospitali ya Bombo.

3. Mgonjwa akishindwa kumeza, mwambie mganga. Huenda ipo dawa nyingine ya kumfaa.

4. Ukiona ganda la kidonge chooni, usishtuke. Huenda dawa imekwisha kutoka. Usimeze kingine.

Ndugu msomaji, umejifunza kusoma. Anza na pakiti ya dawa iliyomo nyumbani mwako.