Mtoto mwenye usonji anapojipiga, ana jambo anataka kusema

Mzazi wa mtoto mwenye usonji huumia sana anapomwona mwanawe akijipiga usoni, akijing'ata mkono au akigonga kichwa ukutani. Jirani atasema mtoto amedekezwa, mwingine atadai ana mashetani. Mama aliyechoka huishia kumchapa au kumfunga mikono. Fimbo na kamba vinamwongezea mtoto hofu, na sababu ya kujipiga inabaki palepale.

Usonji ni hali ya ukuaji wa ubongo inayoathiri mawasiliano na namna mtu anavyopokea sauti, mwanga na mguso. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa mwaka 2021 mtu 1 kati ya 127 duniani alikuwa na usonji. Wengi huchelewa kuzungumza, na baadhi hawazungumzi kabisa. Mtoto wa namna hiyo akikerwa na kelele au akikosa anachokitaka, hana maneno ya kulalamika.

Mwaka 1982, mtafiti Brian Iwata na wenzake wa Baltimore, Marekani, walichapisha utafiti kuhusu watoto wenye matatizo ya ukuaji waliokuwa wakijidhuru. Waliwaangalia katika hali mbalimbali: wakipewa kazi, wakishughulikiwa kila walipojipiga, wakicheza, na wakiwa peke yao. Wengi wao walijipiga zaidi katika hali fulani mahususi, na hali hiyo ilitofautiana kati ya mtoto na mtoto.

Hata nyumbani uchunguzi huo unawezekana. Chukua daftari na kila tukio liandikie mambo matatu: nini kilitangulia, mtoto alifanya nini, na alipata nini baadaye. Baada ya muda utaona mpangilio. Huenda hujipiga redio inapopandishwa sauti, anapovalishwa sare, au anapotaka maji na kikombe kiko juu ya kabati.

Ukishaijua sababu, mfundishe njia nyingine ya kulisema jambo lilelile. Edward Carr na Mark Durand walionyesha mwaka 1985 kwamba watoto waliofundishwa kuomba msaada au kuomba kuangaliwa, kulingana na shida ya kila mmoja, walipunguza vitendo vyao vya fujo. Kwa asiyezungumza, ishara ya mkono au picha ya kikombe inatosha. Mfundishe akiwa ametulia, na mwanzoni mpe maji papo hapo kila anapoonyesha picha. Ishara ikichelewa kujibiwa kuliko ngumi, atachagua ngumi. Akishaizoea, ndipo umfundishe kusubiri, kidogo kidogo.

Kama tabia ya kujipiga imeanza ghafla au imezidi, mpeleke hospitali kwanza. Maumivu ya sikio, jino bovu, choo kigumu au kukosa usingizi vinaweza kumfanya mtoto asiyeweza kusema ajipige. Akigonga kichwa kisha akatapika, akazimia au akapata degedege, hiyo ni dharura.

Wakati wa tukio lenyewe, punguza kelele na watu. Weka mto kati ya kichwa na ukuta, na ondoa vitu vyenye ncha. Sema maneno machache kwa sauti ya chini. Usimhoji wala usianze kumfundisha, kwa kuwa saa hiyo hawezi kupokea somo.

Dawa zipo pia. Mamlaka ya dawa ya Marekani iliidhinisha risperidoni mwaka 2006 na aripiprazoli mwaka 2009 kwa watoto wenye usonji wanaopata hasira kali, ikiwemo ile inayoambatana na kujidhuru. Haziondoi usonji, na zinaweza kuongeza uzito na usingizi. Zitumike kwa maelekezo na uangalizi wa daktari pekee.

Kazi ya kumfundisha mtoto ishara haifai kuachiwa mama peke yake. Baba, bibi, dada wa kazi na mwalimu wote wanapaswa kuijua ishara ya mtoto na kuijibu kwa namna moja. Mama akiijibu na wengine wakaipuuza, mtoto atajifunza kwamba ngumi ndiyo lugha inayosikilizwa na kila mtu, na atairudia. Kaeni pamoja, mkubaliane juu ya ishara moja, na muanze nayo leo.