Elektroni Isiyo na Mwenzi

Mwanafunzi wa kemia hufundishwa mapema kwamba atomu huungana kwa kushirikiana elektroni mbilimbili, na kwamba kila atomu hutulia izungukwapo na elektroni nane. Wazo la jozi lilitolewa na Mmarekani Gilbert N. Lewis mwaka 1916, nalo hueleza vyema maji, amonia na kampaundi nyingine nyingi mno. Hata hivyo, ipo gesi ya kahawia ambayo haikubali kanuni hiyo.

Hesabu yake ni nyepesi. Naitrojeni ina elektroni 5 katika ganda la nje, na oksijeni ina 6. Kwa hiyo dioksidi ya naitrojeni, NO₂, ina 17. Namba hiyo ni witiri, na kwa vyovyote vile elektroni moja itabaki pweke. Mwanafunzi anayelazimishwa kuchora nane kila upande atachora uongo. Lewis mwenyewe alizitambua molekuli za namna hii. Walioigeuza kanuni kuwa amri ni waliomfuata.

Elektroni hiyo pweke hukaa zaidi upande wa naitrojeni, na athari yake huonekana katika umbo. Ikiondolewa, ayoni NO₂⁺ hunyooka kabisa, nyuzi 180. Ikiwapo, pembe huwa nyuzi 134 hivi. Ikipata mwenzi, katika ayoni NO₂⁻, jozi hiyo husukuma bondi kwa nguvu zaidi na pembe hupungua hadi nyuzi 115.

Molekuli mbili za NO₂ zaweza pia kuunganisha elektroni zao pweke na kufanya N₂O₄, ambayo haina rangi. Gesi ikifungiwa katika neli ya kioo na kutiwa katika barafu, ukahawia hufifia. Ikitiwa katika maji ya moto, hurudi. Ni nadra darasa kuona kwa macho bondi ikifungwa na kufunguliwa. (Kuitayarisha na kuifungia ni kazi ya mwalimu: gesi hii hudhuru mapafu, na madhara yaweza kuchelewa kwa saa kadhaa.)

Bondi hiyo ni dhaifu ajabu. Katika haidrazini, N₂H₄, naitrojeni mbili zimetengana kwa pikomita 145. Katika N₂O₄ ni 175. Kuivunja huhitaji kilojuli 57 tu kwa moli, chini ya robo ya ile ya haidrazini. Sababu ni kwamba elektroni zile hazikai katikati ya naitrojeni mbili peke yake, bali zimetawanyika hadi kwenye oksijeni. Tena molekuli nzima ni bapa, ingawa oksijeni zingepata nafasi zaidi kama upande mmoja ungejizungusha.

Monoksidi ya naitrojeni, NO, yenye elektroni 11, haina haja kubwa ya mwenzi. Kila molekuli ina bondi mbili na nusu. Mbili zikiungana, O=N–N=O, jumla ni 5, ileile ya awali; faida haipo, na muungano hutokea kwa unyonge katika baridi kali tu. Hivyo NO hubaki pweke hata ndani ya mwili wa binadamu, ambamo hulegeza mishipa ya damu. Kwa ugunduzi wa kazi hiyo Robert Furchgott, Louis Ignarro na Ferid Murad walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1998.