Starta Inazunguka, Gari Haliwaki: Tuanzie Wapi?

Asubuhi moja ya mwezi Aprili 2017, gari la zahanati yetu liligoma kuwaka likiwa bado langoni. Ndani kulikuwa na kasha la baridi lenye chanjo, ambazo hutakiwa kukaa kati ya nyuzijoto 2 na 8. Akina mama walikuwa wameshakusanyika katika kijiji kilichoko kilomita 40 kutoka hapo. Starta ilizungusha injini vizuri, lakini injini haikuwaka. Dereva alijaribu tena na tena mpaka betri ikachoka. Siku ile watoto walirudi nyumbani bila chanjo.

Fundi tuliyemwita alisema, bila kupima chochote, kwamba pampu ya dizeli imekufa. Pampu ilifunguliwa, ikapelekwa mjini, tukalipa. Iliporudishwa, gari halikuwaka. Wiki ya pili alikuja fundi mwingine, akafungua koki ndogo iliyo chini ya chujio la dizeli, yakatoka maji. Tulikuwa tumenunua dizeli ya kwenye madumu. Alimwaga maji yote, akabadilisha chujio, akatoa hewa kwenye mipira ya mafuta, na gari likawaka. Tulikuwa tumelipia pampu isiyokuwa na kosa.

Tangu hapo tumewafundisha madereva wetu utaratibu ufuatao. Tunaueleza hapa kwa sababu miradi mingi ina magari ya umri kama la kwetu.

Injini inahitaji nini ili iwake?

Injini ya petroli inahitaji mafuta, hewa na cheche ya plagi, kila kimoja kwa wakati wake. Injini ya dizeli haina cheche. Pistoni hugandamiza hewa mpaka inapata joto kali, na dizeli ikipulizwa humo inawaka yenyewe. Kwa hiyo starta ikizungusha injini kwa kasi ya kawaida na injini isiwake, kimojawapo kati ya hivyo kimekosekana. Kazi yetu ni kujua ni kipi kabla ya kununua kitu.

Hatua za kufuata

1. Acha kupiga starta. Usizidishe sekunde 10 kwa mara moja, kisha pumzisha kwa dakika moja au zaidi. Starta hupata joto na betri huisha, na hapo utakuwa na matatizo mawili badala ya moja.

2. Sikiliza mzunguko. Ukiwa wa polepole, anza na betri na vichwa vyake. Betri nzima iliyotulia huonyesha takriban volti 12.6, na wakati wa kupiga starta haifai kushuka chini ya volti 9.6. Injini ikizunguka kwa wepesi na haraka kuliko kawaida, huenda mkanda wa taiming umekatika. Usipige starta tena, kwani katika injini nyingi pistoni zitagonga valvu na kuzipinda.

3. Angalia dashibodi. Taa yenye alama ya ufunguo au kufuli ikimetameta, huenda gari halijautambua ufunguo. Jaribu ufunguo wa akiba.

4. Hakikisha mafuta yapo, tena ni ya aina sahihi. Geji hudanganya. Uliza gari lilijazwa wapi mara ya mwisho na liliwekewa nini.

Kama ni petroli

Washa swichi bila kupiga starta. Katika magari mengi yenye pampu ndani ya tangi utasikia mlio mdogo wa sekunde 2 hivi. Usipousikia, angalia fyuzi na rilei ya pampu. Mlio ukiwapo, mwombe fundi apime cheche kwa kifaa chake. Usishike waya wa plagi kwa mkono, kwa kuwa koili hutoa maelfu ya volti, na usijaribu cheche mahali penye harufu ya petroli. Cheche ikikosekana kwenye plagi zote kwa pamoja, sensa ya kranki ni miongoni mwa vitu vya kupimwa mapema.

Kama ni dizeli

Mtu mmoja apige starta, mwingine atazame ekzosi. Pasipotoka moshi wowote, dizeli haifiki kwenye silinda: fikiria chujio lililoziba, maji, hewa kwenye mipira, au swichi ya umeme inayofungulia mafuta kwenye pampu. Swichi hiyo, kwa magari ya zamani, husikika ikigonga mara moja unapowasha ufunguo. Ukitoka moshi mweupe, dizeli inafika lakini haiungui. Pima hita plagi, hasa asubuhi za baridi.

Kwenye injini za zamani zisizo na kompyuta, dereva anaweza kumwaga maji ya chujio na kutoa hewa kwa pampu ya mkono iliyo juu yake. Kwenye injini mpya za dizeli asilegeze kamwe mipira ya chuma inayokwenda kwenye nozeli. Presha yake hupita baa 1,000, wakati tairi la gari dogo lina baa 2 hivi. Dizeli ya presha hiyo hupenya ngozi na kuleta jeraha la kwenda hospitali mara moja. Vilevile usipulizie dawa ya kuwashia kwenye injini yenye hita plagi, inaweza kulipuka.

Swali la kumwuliza fundi

Hatuwashauri wasomaji wawe mafundi. Tunashauri kwamba kabla ya kuidhinisha malipo, kiongozi wa mradi aulize: "Umepima nini, na umeona nini?" Fundi mzuri atajibu bila kukasirika. Jibu liandikwe kwenye daftari la gari, pamoja na tarehe na mahali mafuta yaliponunuliwa.

Sisi sasa tunamwaga maji ya chujio kila mwezi, na dizeli ya madumu hatununui tena. Kazi hiyo haizidi dakika 10. Kijiji kile kilisubiri chanjo wiki mbili.