Gari Kuukuu Ligongapo: Sikilizeni Kabla ya Kumwendea Fundi

Katika mwambao wetu, toka Vanga hadi Lamu, zipo familia nyingi ambazo riziki yao hupita nyuma ya pikapu kuukuu. Ndiyo ibebayo maembe na nazi hadi soko la Kongowea, ndiyo ibebayo samaki na barafu, na asubuhi ndiyo iwapelekayo watoto skuli. Wala si mara zote ambapo baba ndiye aliye kwenye usukani. Huenda yuko Ghuba akitafuta, au amekwisha kutangulia mbele ya haki, na gari limebaki mikononi mwa mama ambaye hajapata kufunzwa lolote juu yake ila kulitia mafuta na kuliendesha. Siku gari linapoanza kutoa kishindo chini ya miguu, mama huyo hulipeleka gereji na kutamka maneno mawili tu: “Gari linagonga.”

Maneno hayo mawili ni ghali mno. Humwachia fundi uhuru wa kuchagua ugonjwa, na fundi asiye na amana huchagua ule wenye faida kwake. Namjua mama mmoja, muuza samaki, ambaye gari lake kila liliposimama njiani lilitoa kishindo kimoja kizito, kana kwamba limepigwa kwa nyuma na gari jingine. Lilipoondoka, kishindo hicho hicho. Fundi wa kwanza, bila hata kuinama akatazama uvunguni, alikata shauri kuwa giaboksi imekufa, akamtajia bei inayolingana na karo ya watoto wawili kwa muhula mzima. Fundi wa pili, mzee wa makamo, alilala chini, akaishika propela kwa mikono miwili, akaitikisa, kisha akaomba grisi.

Nitaeleza hapa chini kwa nini aliomba grisi. Kwanza tulifahamu umbo la chombo chenyewe. Tuchukue Toyota Hilux iliyotoka kiwandani kati ya 1988 na 1997, ambayo bado ipo tele katika barabara zetu. Gari hili limejengwa juu ya fremu ya chuma, ambayo sote twaiita chesisi. Kichwa cha gari na karandinga ya mizigo ni vitu viwili mbalimbali, kila kimoja kimefungwa juu ya chesisi hiyo. Injini iko mbele, magurudumu yanayosukuma yako nyuma, na baina yao yapita nondo ndefu izungukayo, nayo ndiyo propela. Ekseli ya nyuma imetundikwa kwenye springi za vipande vya chuma vilivyolaliana. Na karibu kila mahali chuma kinapokutana na chuma pamewekwa bushi ya mpira au kiungo chenye grisi. Miaka ikipita, mpira hukauka na kupasuka kwa joto, grisi huisha, na chumvi ya bahari hula kilichobaki. Hapo ndipo gari huanza kusema.

Tabibu hodari hatosheki na mgonjwa kumwambia kwamba anaumwa. Humwuliza maumivu huja wakati gani, yako upande upi, na akifanya nini huzidi. Gari nalo liulizwe hivyo hivyo. Lisimamisheni mahali tambarare, tieni breki ya mkono, gia iwe huru, kisha kanyageni mafuta kidogo kidogo. Sauti ikiongeza kasi pamoja na injini ilhali gari halisogei, basi magurudumu hayana hatia. Isiposikika, endesheni katika barabara iliyo tupu, isiyo na mteremko, kwa mwendo wa wastani, halafu toeni mguu kwenye mafuta na kuiweka gia huru. Sauti ikiendelea, na ikapungua taratibu kadiri gari linavyopunguza mwendo, basi yatoka kwenye magurudumu au vitu vizungukavyo pamoja nayo. Ikikatika mara moja, tazameni vile vibebavyo nguvu ya injini. Na ikiwa haisikiki kabisa barabara ikiwa laini, bali hungoja tuta au shimo, huo ni mlango mwingine tutakaoufungua baadaye.

Kuna hesabu moja nyepesi ambayo napenda kila mama aijue. Gurudumu la pikapu lina kipenyo cha karibu sentimita 70, kwa hiyo likizunguka mara moja gari husonga mita 2 na kidogo. Kwa mwendo wa kilomita 20 kwa saa, gurudumu huzunguka kama mara 2 na nusu kila sekunde. Basi mwenye kuketi kando ya dereva ashike saa na ahesabu midundo kwa sekunde 10. Watoto huipenda mno kazi hii, na aghalabu masikio yao ni makali kuliko yetu. Wakipata midundo kama 25, mshukiwa ni gurudumu. Propela yenyewe huzunguka karibu mara 4 kwa kila mzunguko mmoja wa gurudumu, kwa hiyo ikipinda haitoi midundo ya kuhesabika, bali hutoa mtetemo na mvumo unaopanda hadi kwenye kiti.

Mdundo wa gurudumu mara nyingi ni tairi. Ndani ya tairi mna matabaka ya nyuzi za chuma, na tairi likizeeka matabaka hayo huachana, pakatokea uvimbe. Uvimbe ule hupiga lami kila mzunguko: du, du, du. Liinueni gurudumu kwa jeki, lizungusheni polepole huku fimbo imewekwa karibu na uso wa tairi bila kugusa, na mahali palipovimba patajionyesha. Tazameni pia tarakimu 4 za mwisho katika maandishi yaanzayo na DOT ubavuni mwa tairi: mbili za kwanza ni juma, mbili za mwisho ni mwaka, kwa hiyo 2314 ni juma la 23 la mwaka 2014. Tairi linaweza kuwa na meno mazuri na bado likawa limezeeka. Lenye uvimbe halina dawa. Halifai hata kuwa spea. Likipasuka katika barabara ya Malindi gari likiwa na mwendo mkubwa na watoto wako nyuma, hakuna dereva awezaye kuahidi kulizuia. Isipokuwa gari lililosimama wiki kadhaa bila kutumika: hilo huweza kudunda kwa sababu tairi limebonyea chini, nalo hunyooka lenyewe baada ya kilomita chache.

Na kama mdundo umeanza baada ya tairi kubadilishwa, simameni pale pale mkaze nati. Zikazwe kwa kukingamana, si kwa kufuatana, kisha zitazamwe tena baada ya kilomita 50 hadi 100.

Sasa turudi kwenye propela. Ina viungo vyenye umbo la msalaba vinavyoiwezesha kujikunja ekseli ipandapo na kushuka. Tena ina sehemu ambapo nondo moja huingia ndani ya nyingine na kuteleza, kwani ekseli ikipanda masafa hubadilika. Sehemu hiyo ikikauka, hunata. Gari likisimama, springi za nyuma hujinyoosha, nondo hungoja, hungoja, kisha huteleza kwa ghafla, na kile ndicho kishindo cha kupigwa kwa nyuma. Dawa yake ni grisi, ipigwe kupitia vichuchu vidogo vilivyo kwenye propela yenyewe, tena kila oili ibadilishwapo. Viungo vya msalaba vikilika dalili huwa nyingine: mgongo mkavu wa chuma kila gia inapobadilishwa toka mbele kwenda nyuma, mlio kama wa ndege gari likitembea polepole, na unga mwekundu wa kutu pembeni mwa kiungo. Hapo grisi haitoshi, kiungo kibadilishwe, kwani kikikatika propela huanguka barabarani nayo ingali inazunguka. Pikapu zenye propela ya vipande viwili zina beringi ya kati iliyoshikwa na mpira. Mpira huo ukichanika, gari hudunda linapoondoka na mzigo.

Vishindo vya matutani vina mengi ya kusema, hususan vya mbele. Shusheni vioo mkiteremka kwenda feri ya Likoni, pale penye mwendo wa kobe, na msikilize. Mlio butu, kama ngumi juu ya godoro, ni bushi za mpira. Mlio mkali, mmoja, unaohisika mpaka kwenye usukani, huweza kuwa boljointi, kile kiungo cha mviringo kinachoshika gurudumu la mbele. Hiki hakingojwi hadi mwisho wa mwezi. Kikichomoka, gurudumu hulala ubavu na gari huanguka upande huo. Mwambieni fundi aliinue gari kwa namna itakayoondoa uzito kwenye kiungo, maana uzito huficha ulegevu, kisha alishike gurudumu juu na chini alitikise. Mtu wa pili atazame kiungo kwa kurunzi. Wala asiingie mtu uvunguni mwa gari lililoshikwa na jeki peke yake, awe fundi au mwana wa nyumbani. Ziwekwe stendi, na magurudumu yaliyo chini yazuiwe.

Nyuma, tazameni kama gari limeinama upande mmoja likiwa tupu. Huenda kipande cha springi kimevunjika. Bolti zilizopinda mfano wa herufi U, zinazofunga ekseli kwenye springi, zikilegea, ekseli husogea na gari hutembea mshazari kama kaa. Wabebao samaki wana balaa ya ziada: maji ya barafu yenye chumvi hudondoka juu ya springi na chesisi kutwa kucha. Gari hilo lioshwe uvunguni kwa maji matamu kila jioni, si mwili tu wa juu uonekanao na watu.

Kwa upande wa injini nasema machache. Kishindo cha mara moja injini inapowashwa au kuzimwa ni mauntini, mipira iishikayo injini, na si msiba. Lakini mgongo mzito, wa ndani, uongezekao kasi kila mafuta yanapokanyagwa, ni wa kuzima injini papo hapo na kupima oili. Kuendelea “mpaka nifike nyumbani” ndiko kunakogeuza matengenezo kuwa mazishi ya injini.

Kabla ya yote haya, lakini, tikiseni vitu vya dhahiri: tairi la spea lililoning'inia chini ya karandinga, jeki iliyo nyuma ya kiti, mlango wa nyuma wa mizigo, bomba la moshi. Nimewaona watu wazima watatu wakibishana juu ya difu, kumbe ni chupa ya gesi.

Mkifika gereji, msiseme gari linagonga. Semeni: “Bwana fundi, linapiga kishindo kimoja, upande wa kushoto mbele, kwenye matuta tu, tangu Jumanne, na likiwa na mzigo huzidi.” Kisha mwombeni aingie garini mwende naye njia ile ile, sauti aisikie kwa masikio yake kabla hajashika spana, sauti ya nyuma husafiri kwenye chesisi ikasikika kama iko mbele, naye ana ujuzi wa kuitenga. Mkubaliane bei ya kitu kilichotambuliwa. Na kitu cha zamani kikitolewa, kiwekwe mkononi mwenu, mkitikise wenyewe.