Unavuka Rusizi kila siku, lakini umewahi kuitembelea?

Saa kumi na mbili asubuhi, jua likiwa bado halijapanda juu ya milima ya Nyungwe, njia ya kuelekea daraja la Rusizi huwa imeshajaa watu. Yupo mama mwenye beseni la nyanya kichwani na mtoto mgongoni. Yupo kijana aliyefunga magunia ya unga juu ya baiskeli mpaka mwenyewe haonekani. Wote wanangoja kuvuka kwenda Bukavu, na jioni watarudi na vitenge, mafuta, sabuni, au fedha tupu ikiwa soko limekuwa jema.

Ukimwuliza mmoja wao ameijua Rusizi kwa miaka mingapi, atakutajia kumi, pengine ishirini. Ukimwuliza ameona nini huko, atakutajia soko la Kamembe, foleni ya forodha na nyumba ya kulala wageni aliyolazimika kukesha siku mpaka ulipofungwa kabla hajavuka. Sisi wa biashara ndivyo tulivyo. Mji tunaujua kwa bei zake. Lakini mtu huishi miaka mingi jirani na mwenzake akamjua kwa deni tu, na ujirani wa namna hiyo hauna mizizi.

Makala hii inakuomba siku moja tu. Pumzisha mzigo, uzunguke Rusizi na wilaya jirani ya Nyamasheke, mahali ambapo wazee bado wanapaita Kinyaga. Watu husafiri mbali kwenda kuona mahekalu ya kale ya nchi za watu. Hapa kwetu nyumba za ibada na mahali patakatifu pako karibu na njia tunayopita na mizigo.

Hekalu la kwanza lilikuwa mti

Usitafute magofu ya mawe. Kabla ya wamisionari, watu wa pande hizi hawakumjengea Mungu nyumba. Walimwita Imana, na hawakuona haja ya kumwekea kuta. Wahenga walitengewa vijumba vidogo vya nyasi ndani ya ua wa nyumbani, na ibada ya Ryangombe ilifanyika chini ya mti wa umuko, ule unaotoa maua mekundu kama makaa.

Hadithi inasema Ryangombe alikuwa mwindaji shujaa. Siku moja nyati alimpiga pembe, akafia penye mti huo, na tangu hapo ukawa mti wake. Wafuasi wake walipokutana kuomba, hawakuulizana nani mkubwa wala nani mdogo.

Hadithi hiyo haikuishia kwenye maji ya Kivu. Ng'ambo, Washi wa Bukavu na Wahavu wa pwani ya magharibi wanamjua kwa jina la Lyangombe. Burundi ibada inayofanana nayo hutajwa kwa jina la Kiranga. Kwa hiyo ukiona umuko umechanua kando ya barabara, jua kwamba umeona hekalu ambalo watu wa nchi tatu waliabudu bila pasipoti.

Na kama imani ilivuka ziwa, biashara ilivuka pia. Katika karne ya 19, mitumbwi ilipita kati ya Kinyaga, kisiwa cha Ijwi na Bushi ikibeba chakula, mifugo na majembe. Kati ya vitu vilivyothaminiwa sana ni butega, bangili za nyuzi zilizosukwa na Watembo wa misitu ya magharibi mwa ziwa. Watu walizivaa kama pambo, lakini pia zilitumika kununulia mbuzi na vyakula. Kabla ya faranga na dola, pande zote mbili za Kivu zilikuwa na fedha iliyokubalika. Mama anayevuka leo na beseni lake hakuanzisha jambo jipya. Anaendeleza kazi ya mabibi zake.

Shangi, mahali mpaka ulipoanza kunukia

Toka Kamembe ufuate barabara ya kaskazini, ziwa likiwa kushoto kwako, mpaka Shangi wilayani Nyamasheke. Leo ni kilima chenye migomba, parokia na watoto wanaotoka shule. Mwaka 1896 palikuwa uwanja wa vita.

Mwaka mmoja kabla yake, Mfalme Kigeli Rwabugiri, aliyepigana miaka mingi kuitafuta nchi ya ng'ambo ya ziwa, alikuwa amefariki. Askari wa Dola Huru ya Kongo, iliyokuwa mali ya Mfalme Leopold wa Ubelgiji, wakavuka na kupiga kambi Shangi. Jeshi la Rwanda lilikuja na mikuki na pinde, likapambana na bunduki, likashindwa. Miaka miwili baadaye, mwaka 1898, Wajerumani waliweka kituo chao hapo hapo. Richard Kandt, daktari wa Kijerumani aliyefika akitafuta chanzo cha mto Nile, aliishi karibu na Shangi kabla ya kuanzisha mji wa Kigali mwaka 1907.

Ugomvi wa Wazungu juu ya ziwa hili ulimalizwa Brussels mwaka 1910. Huko, mbali kabisa na Kivu, ndiko walikokubaliana kwamba Ijwi na Bushi ziende kwa Wabelgiji, na Kinyaga ibaki kwa Wajerumani. Simama Shangi utazame maji. Mstari unaokufanya upange foleni kila alfajiri ulichorwa na watu ambao hawakuwahi kununua hata kikapu kimoja cha maharage hapa.

Mibirizi, misheni iliyozaa kahawa

Rudi Kamembe, ushike upande wa Bugarama, uulize njia ya Mibirizi. Mapadri Weupe walifungua misheni hapo Desemba 1903. Ilikuwa ya tano nchini Rwanda, baada ya Save, Zaza, Nyundo na Rwaza. Kwa Wakatoliki wa upande huu, Mibirizi ni mama wa parokia. Jimbo la Cyangugu lenyewe lilikuja kuundwa mwaka 1981.

Hata kama wewe si Mkatoliki, una sababu ya kupanda kilima hicho. Mwaka 1904 mapadri walipanda hapo miche ya kahawa, na Mibirizi ndiyo inayotajwa kuwa mahali kahawa ilipoanzia Rwanda. Mpaka leo wataalamu wa kilimo wanaita aina moja ya kahawa kwa jina hilo hilo, Mibirizi. Husimuliwa kwamba mbegu yake ilitoka Guatemala. Miaka ya 1930 Wabelgiji waliwalazimisha wakulima kuipanda, na wapo wazee waliokua wakiichukia kwa sababu ya viboko vilivyoandamana nayo. Leo kahawa ya mwambao wa Kivu inatafutwa na wanunuzi wa mbali, na vituo vya kuoshea buni vimetapakaa kando ya ziwa.

Kwa hiyo mfanyabiashara anayefika Mibirizi hafiki kanisani tu. Amefika kwenye shina la moja ya bidhaa kubwa zinazouzwa nje ya nchi hii.

Waislamu nao wana historia yao hapa. Imani yao ilifika Rwanda pamoja na wachuuzi wa pwani na askari wa Kijerumani waliozungumza Kiswahili, na msikiti wa Al-Fatah wa Nyamirambo, Kigali, ulijengwa mwaka 1913. Kwenye tambarare la Bugarama, linalopakana na Burundi na Kongo, utasikia adhana na utasikia Kiswahili. Muda mrefu Kiswahili kilidharauliwa kuwa lugha ya sokoni. Mwaka 2017 Bunge la Rwanda lilikipitisha kuwa lugha rasmi. Wachuuzi walikuwa wametangulia.

Mahali pa kunyamaza

Sasa tuseme lile ambalo mgeni wa Rusizi hawezi kulikwepa.

Katika machafuko ya miaka ya nyuma, Watutsi waliokimbilia makanisani mara nyingi walinusurika. Kwa hiyo Aprili 1994 walikimbilia tena, parokia ya Mibirizi na parokia ya Shangi, wakiamini kwamba hakuna atakayethubutu kumwaga damu katika nyumba ya Mungu. Wakathubutu. Maelfu waliuawa kwenye maeneo hayo mawili katika mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi. Wengine waliokuwa wamekusanywa katika uwanja wa mpira wa Kamarampaka mjini Cyangugu walihamishiwa kambi ya Nyarushishi, na maelfu kati yao waliponea huko.

Kwa sababu hiyo, kutembelea kanisa la kale upande huu si sawa na kutembelea kanisa la kale kwingine. Utakuta waumini wakiimba Jumapili, na hatua chache kutoka hapo utakuta kaburi la pamoja. Usipige picha bila ruhusa. Usiulize maswali ya udadisi kwa mtu usiyemjua. Ukifika siku zinazofuata tarehe 7 Aprili, utakuta nchi nzima iko kwenye maombolezo. Punguza sauti ya redio, na ahirisha sherehe.

Pengine utauliza, mimi mchuuzi wa vitenge yananihusu nini? Yanakuhusu. Mwanamke unayemkopesha mzigo ili akulipe Ijumaa huenda ana mama, baba na kaka waliolala Mibirizi. Hatakuambia hayo mkiwa kwenye foleni. Lakini ukishasimama pale kilimani, siku atakapokuambia mwezi huu wa nne biashara yake inalala kidogo, hutamdhania mdanganyifu. Kumwamini mtu kwa mali kunahitaji kujua alikotoka, na hilo halimo katika karatasi yoyote ya forodha.

Msitu tunaoupita usingizini

Kila anayekwenda Kigali kwa barabara ya Huye hupita katikati ya Nyungwe, na wengi wetu huupita tukisinzia basini. Ni msitu wa kilomita za mraba zipatazo 1,000, ulioungana na Kibira ya Burundi. Mvua inayonyesha mgongo mmoja wa mlima inateremka Kongo, na ya mgongo wa pili inakwenda Nile. Ulifanywa hifadhi ya taifa mwaka 2005. Septemba 2023 UNESCO iliuingiza katika urithi wa dunia, katika kikao kile kile kilichoingiza kumbukumbu nne za mauaji ya kimbari za Nyamata, Murambi, Gisozi na Bisesero.

Humo mna sokwe, mbega wanaotembea kwa makundi makubwa, na aina zaidi ya 300 za ndege. Tembo hawamo tena. Wa mwisho alipatikana amekufa mwaka 1999, na hilo nalo ni somo kwa sisi tunaodhani mali ya msitu haiishi. Pale Uwinka kuna daraja la kuning'inia lenye urefu wa mita zipatazo 160, lililofunguliwa mwaka 2010, ambalo hukupitisha juu ya vilele vya miti. Raia wa Jumuiya ya Afrika Mashariki hulipa kiingilio pungufu ya wageni wa mbali, kwa hiyo usiache kitambulisho nyumbani. Chukua na sweta. Baridi ya Nyungwe haijali kwamba umetoka Bugarama unatokwa jasho.

Ukitaka kwenda

Raia wa Rwanda, Kenya na Uganda wanaweza kusafiri kati ya nchi hizo kwa kitambulisho cha taifa tangu 2014. Wanaotoka upande wa Kongo waulize uhamiaji kwanza, maana karatasi ya kuvuka kwa siku moja ina masharti yake kuhusu umbali na muda. Epuka Jumamosi ya mwisho wa mwezi asubuhi, kwa kuwa ni siku ya umuganda, watu wako kwenye kazi za pamoja na maduka yamefungwa. Ukikodi pikipiki, patana nauli ya kwenda na kurudi kabla ya kuondoka, kwa sababu vilimani si rahisi kupata nyingine. Kanisani na msikitini, vaa kama unavyovaa kwa wakwe.

Siku hiyo imalizie ziwani. Jua linapozama, mitumbwi ya wavuvi hutoka ikiwa imeunganishwa mitatu mitatu, taa mbele, nyimbo zikisikika juu ya maji. Wanakwenda kutafuta sambaza. Samaki hawa wadogo hawakuwa wa Kivu. Waliletwa kutoka Tanganyika mwaka 1959. Leo hakuna anayewaita wageni. Wanaliwa Kamembe, wanaliwa Bukavu, wanaliwa Goma, na kila upande hudai kwamba wa kwake ndio watamu.

Agiza sahani moja, ukae ukitazama taa za Bukavu zikiwaka ng'ambo. Kesho alfajiri utarudi darajani na mzigo wako kama kawaida. Foleni itakuwa ile ile na ushuru ule ule, ila aliyesimama mbele yako utakuwa umeanza kumjua.