Bakteria wa Sifongo wa Baharini kama Chimbuko la Dawa Mpya

Sifongo ni mnyama wa baharini asiyehama, na hujilisha kwa kuchuja maji. Kwa kuwa hawezi kumkimbia adui, hujikinga kwa kemikali, na baadhi ya kemikali hizo zimezaa dawa. Eribulini, kwa mfano, inayotibu saratani ya matiti, ilisanifiwa kwa kuiga halikondrini B, kemikali iliyotambuliwa kwanza katika sifongo wa Japani.

Tatizo kuu ni upatikanaji. Tani moja ya sifongo wa New Zealand ilitoa takriban miligramu 300 tu za halikondrini B. Uvunaji wa namna hiyo ungewamaliza sifongo kabla ya kukidhi mahitaji ya wagonjwa.

Hapa ndipo umuhimu wa bakteria unapodhihirika. Katika baadhi ya sifongo, bakteria huweza kufikia karibu asilimia 40 ya uzito wa mwili. Utafiti wa vinasaba uliochapishwa mwaka 2014 na kundi la Jörn Piel ulionesha kuwa, katika sifongo Theonella swinhoei wa Japani mwenye nyama ya njano, karibu poliketidi na peptidi amilifu zote hutengenezwa na bakteria wa Entotheonella, wala si na sifongo mwenyewe.

Hata hivyo, bakteria wengi wa sifongo ni vigumu kuoteshwa maabara. Kwa hiyo watafiti huzibainisha jeni zao na kujaribu kuzipandikiza katika bakteria waliozoeleka maabara. Njia hiyo ikifaulu, dawa itazalishwa kiwandani, nao sifongo watabaki baharini.